Saa ya marehemu babu, West End "Sowar Prima": naomba kuitambua na kujua thamani yake kabla ya kugawa mirathi

Mjukuu wa Nahodha (Mkomani, Lamu)

Assalaam alaykum. Baba yetu alifariki miezi minne iliyopita, Mwenyezi Mungu amrehemu, na sisi warithi wake, yaani mama yetu, ndugu wawili wa kiume na dada wawili, tumekwisha kulipa madeni na sasa tunahesabu vitu vya nyumbani. Nyumba na mashua havikutusumbua kabisa. Kilichotukwamisha ni saa ya mkono.

Saa hii ilikuwa ya babu mzaa baba, aliyekuwa nahodha wa majahazi ya boriti (miti ya mikoko ya kujengea), akitoka hapa na upepo wa kusi kwenda Aden na bandari za Ghuba na kurudi na kaskazi, hadi serikali ilipopiga marufuku boriti kusafirishwa nje ya nchi mwaka 1982. Ni ya kutia ufunguo, ya duara, yenye upana wa milimita 33 bila kuhesabu kifundo cha kutilia ufunguo. Uso wake ni mweupe sana, umeandikwa "West End Watch Co." na chini yake "Sowar Prima", na akrabu ya sekunde iko peke yake katika kiduara kidogo upande wa chini, penye tarakimu 6. Ndani ya kikopo cha halua alichohifadhia mlikuwa na kipande cha risiti kilichotoboka kwa mende. Saa hutembea kwa muda wa robo saa ikitikiswa, kisha husimama, na ami yetu anasema ni kwa sababu mtu aliizidisha ufunguo.

Sasa tuna bei tatu. Mgeni mmoja aliyefikia Shela aliiona mkononi mwa mdogo wangu akatoa shilingi 8,000 papo hapo. Dada yangu mkubwa ameiona saa yenye jina hilo hilo kwenye intaneti kwa dola 1,200, na tangu siku hiyo hataki kusikia tarakimu nyingine. Kijana mmoja wa duka la simu naye alituambia haina thamani yoyote kwa kuwa betri zake hazitengenezwi tena.

Ninachoomba ni kujua kama saa hii ndiyo inayojidai kuwa, ni ya miaka gani, na ni bei gani ya haki tunayoweza kuiandika katika hesabu ya mirathi bila mtu yeyote kudhulumiwa.

Fundi Kibokoni (Mombasa)

Wa alaykum salaam. Poleni kwa msiba. Kijana wa simu msamehe, kwani saa ya babu yako haijawahi kuonja betri maisha yake yote.

West End si jina la kuokota. Ni kampuni iliyoanza biashara yake Bombay na Calcutta katika miaka ya 1880, saa zenyewe zikitengenezwa Uswisi, hasa katika mji wa Saint-Imier ambako pia zilitoka Longines, na kwa miaka mingi Longines hao hao walikuwa miongoni mwa waliowauzia mashine. Soko lao lilikuwa India, Uajemi, Iraki na Bara Arabu, na kwa hiyo ziliwafikia mabaharia wetu kwa njia ile ile iliyoleta vitambaa na mazulia. "Sowar" ni neno la Kiajemi lililozoeleka India kwa maana ya askari wa farasi. Kwa hiyo jina la saa, bandari na kazi ya babu vinaoana vizuri, lakini jina lililo usoni ndilo kitu chepesi zaidi kughushi, na mimi siamini uso wa saa mpaka nione tumbo lake.

Mpelekeeni fundi mwenye zana aufungue mfuniko wa nyuma mbele yenu. Msipenyeze kisu wala bisibisi, maana kisu huteleza mara moja tu na mkwaruzo wake hukaa milele. Ikishafunguliwa, pigeni picha mchana, karibu na dirisha, mkiangalia mambo haya: mashine imepigwa mhuri wa jina gani na ina mawe mangapi (vile vito vidogo vinavyoshika ncha za magurudumu), juu ya gurudumu la mizani kuna kikamani kidogo chenye umbo la kinubi au hakuna, ndani ya mfuniko kuna nambari gani na maneno gani, na kama kuna mikwaruzo midogo ya sindano ndani ya mfuniko, hiyo ndiyo muhimu kuliko mnavyodhani, kwa sababu mafundi wa zamani walikuwa na desturi ya kukwaruza alama zao na tarehe kila walipoifanyia saa kazi.

Kuhusu kuzidishwa ufunguo, ami yako amerudia jambo ambalo nimelisikia kutoka kwa kila mteja kwa miaka zaidi ya thelathini. Kamani iliyojaa haiisimamishi saa. Kinachoisimamisha ni mafuta yaliyokauka na kuwa kama gundi, hasa kwa saa iliyokaa pwani, ambapo chumvi na unyevu havipumziki. Kila mnapoitikisa itembee, ncha za magurudumu zinasagana zikiwa kavu, kwa hiyo acheni kuitikisa. Msiifukie katika mchele pia, maana vumbi lake huingia ndani na kuongeza tope juu ya kutu.

Na kubwa kuliko yote, msiing'arishe. Akrabu zikiwa na ule unga wa kahawia uliokuwa ukiwaka gizani, msiukwangue hata kidogo. Saa za zama zile zilipakwa radiamu, ambayo hupungua nusu baada ya miaka 1,600 hivi. Uliochoka ni ule unga mwingine uliochanganywa nayo ili utoe mwanga, lakini radiamu yenyewe bado ipo. Ikiwa chini ya kioo haina neno kubwa. Hatari ni vumbi lake kuvutwa puani au kumezwa.

Binti Langoni

Mimi si fundi, ila nilipitia mtihani huu huu na saa ya marehemu mume wangu, na ningependa kumwambia dada yako mkubwa jambo moja kwa heshima zote. Ile dola 1,200 ni bei ya mtu anayetamani kuuza. Mimi nilifuatilia tangazo moja kwa miezi tisa, na kila nilipolifungua saa ilikuwa palepale, bei ileile, kama punda aliyefungwa uwanjani Mkunguni na mwenyewe kasafiri. Katika tovuti za mnada mna sehemu ya kuchuja ili uonyeshwe vitu vilivyokwisha kuuzwa tu, pamoja na kiasi kilicholipwa, na huko ndiko kwa kutazama. Sowar Prima za kawaida zilizo nzima nilizoziona zikiuzwa kweli zilikuwa kati ya dola 100 na 250. Zilizopanda zaidi ya hapo zilikuwa na kitu cha ziada, kama vile uso wenye tarakimu za hati ya Kiarabu (١, ٢, ٣) au kisanduku chake cha asili.

Halafu kutoka bei hiyo ondoeni ada ya mnada, posta na hatari ya mnunuzi kuirudisha. Bei ya kuuza London si bei ya kuuza Lamu. Lakini yule mgeni wa Shela pia asiwe ndiye mizani yenu. Aliyetoa 8,000 papo hapo bila kuomba kuifungua alikuwa tayari ameshajihesabia faida yake.

Mjukuu wa Nahodha

Nawashukuru sana. Jana tuliipeleka kwa mzee mmoja fundi hapa Usita wa Mui, akaifungua mbele yetu sote watano, mama yetu akiwa amekaa kwenye kiti kama hakimu. Picha nimeziweka hapo chini na nimeandika tuliyoyaona.

Mashine imeandikwa West End Watch Co. na "15 jewels", yaani mawe 15. Kikamani chenye umbo la kinubi kipo. Kasha lote ni chuma kisichoshika kutu, si mfuniko peke yake, na katika pembe zake hakuna madoa yoyote ya kijani. Vijiti vya kushikia mkanda vimechomelewa, havitoki. Ndani ya mfuniko kuna jina la kampuni, nambari ya tarakimu sita, na mikwaruzo mitatu ya sindano, mmoja ukisomeka vizuri "7/74" na herufi mbili pembeni.

Risiti tuliilaza juu ya kioo tukaisoma kwa taabu. Jina la duka na tarehe vimeliwa, ila limebaki neno Aden, nambari ile ile ya tarakimu sita kwa mkono wa kalamu ya wino, na bei ya rupia 95.

Jambo moja lilitushangaza. Alama za usoni ni za kijani kibichi zinazong'aa, ilhali unga ulio kwenye akrabu ni wa kahawia na umepasuka. Pia maneno ya "Swiss Made" yaliyo ukingoni chini hayapo kabisa, na mstari wa sekunde umehama kidogo kutoka kwenye katikati ya kiduara chake. Kifundo kimelegea na hakina alama yoyote.

Shangazi yetu anakumbuka kwamba babu alikuwa akiitia majira kila siku magharibi. Adhana ikianza tu, huvuta kifundo akaweka akrabu zote mbili kwenye kumi na mbili. Hata alipokwisha kuacha bahari hakuliacha hilo.

Fundi Kibokoni

Sasa tunaongea. Picha zenu ni safi kuliko za mafundi wenzangu.

Nianze na umri. Kile kikamani cha kinubi ni Incabloc, kinga ya gurudumu la mizani dhidi ya kuanguka, na kampuni ya West End yenyewe hujivunia kuwa Sowar Prima ilikuwa ya kwanza kufungwa kinga hiyo mwaka 1934. Kwa hiyo saa si ya kabla ya hapo. Kwa upande wa pili, risiti yenu ni ya Aden na ni ya rupia. Aden ilikuwa ikitawaliwa kutoka India hadi mwaka 1937, na hata baada ya kutengwa iliendelea kutumia rupia ya India mpaka 1951, ilipoingia shilingi ya Afrika Mashariki. Basi babu yenu aliinunua kabla ya shilingi kufika huko. Tuna ukingo wa 1934 na ukingo wa 1951, na mende, kwa bahati, hawakuila nambari. Risiti inayolingana na nambari ya mfuniko ni kitu ambacho wauzaji wengi hawanacho. Ilazeni katika bahasha ya karatasi, si ya plastiki, na isitenganishwe na saa hata siku moja.

Mashine ni ya haki na kasha ni la haki. Lakini uso, ndugu yangu, umepakwa upya.

Ushahidi mmeutaja wenyewe. Unga wa akrabu na unga wa uso hutiwa wakati mmoja kiwandani na huzeeka pamoja, kwa hiyo akrabu za kahawia juu ya alama za kijani kibichi ni sawa na mzee wa ndevu nyeupe mwenye nyusi za mtoto. Kukosekana kwa "Swiss Made" na kuhama kwa mstari wa sekunde ni kazi ya mkono, si ya kiwanda. Kuna saa nyingi za aina hii zilizopakwa upya India na kurudishwa sokoni, tena nyingine huunganishwa kwa vipande vya saa tatu tofauti, na wanaokusanya saa wanaziogopa kama ukoma. Yenu si ya namna hiyo. Nadhani kazi ilifanyika ule mwezi wa saba wa 1974 uliokwaruzwa ndani, pengine kwa sababu unyevu uliufanya uso wa asili ukawa na madoa, na wakati ule kuupaka upya ilikuwa ndiyo heshima ya saa. Hakuna aliyedhani kwamba siku moja watu watalipa zaidi kwa madoa.

Maneno ya shangazi yamenieleza kuhusu kifundo. Mtu wa kawaida huvuta kifundo cha saa yake mara chache kwa mwezi anapoirekebisha. Babu yenu alifuata saa ya machweo, ambayo siku huanza jua linapozama, na ingawa kwetu tulio karibu na ikweta machweo hayasogei sana mwaka mzima, yeye alikivuta kila siku iendayo kwa Mungu. Kwa miaka arobaini hizo ni zaidi ya mara elfu kumi na nne. Kijiti cha ndani kinachoshika kifundo kililika, kifundo kikabadilishwa kwa kile kilichopatikana, na ndiyo maana hakina alama ya kampuni na kimelegea tena.

Bei sasa. Kama uso ungekuwa wa asili na saa ikitembea, ningewaambia mwandike shilingi 24,000 bila kusita. Uso uliopakwa hushusha karibu nusu. Kuisafisha, kuitia mafuta na kuibadilishia kijiti cha kifundo kutagharimu kati ya shilingi 3,500 na 5,000 kwangu, na gharama hiyo ipo kwa yeyote atakayeichukua. Risiti inarudisha sehemu ya upungufu huo. Mimi naiweka kati ya 10,000 na 14,000 kama ilivyo leo, haijatengenezwa.

Msithubutu kununua uso mwingine ili ionekane ya asili. Itakuwa saa ya mtu mwingine ndani ya kasha la babu.

Mwalimu wa Langoni

Naomba niingie upande wa mirathi, kwa kuwa nimeona mnataka kuandika bei kabla ya kuuliza swali linalotangulia bei.

Saa ilikuwa ya babu. Je, ilikuwaje ikawa ya baba? Ikiwa babu alifariki nayo, basi ami yenu na shangazi yenu nao walikuwa na haki ndani yake, na kama haikugawiwa wakati ule, haki hiyo haijafa kwa kukaa kimya ndani ya kikopo cha halua. Ikiwa babu alimpa baba angali hai, akaitoa mkononi na baba akaipokea, hiyo ni hiba iliyotimia na hapana wa kuidai. Jambo hili ulizeni wazi, tena ami akiwepo.

Likiwa ni hiba, hesabu ni nyepesi. Mama yenu ana thumuni, yaani moja ya nane, kwa kuwa marehemu ana watoto. Kinachobaki hugawiwa watoto, wa kiume akipata mara mbili ya wa kike, kwa hiyo ni mafungu sita. Tuchukue bei ya katikati aliyoitaja fundi, yaani 12,000: mama ana 1,500, yanabaki 10,500, kila dada ana 1,750 na kila ndugu wa kiume ana 3,500. Hamlazimiki kuiuza ili mgawane fedha. Mmoja anaweza kuichukua kwa bei mliyokubaliana, akapunguziwa kiasi hicho katika fungu lake la vitu vingine. Akiichukua mmoja wenu wa kiume, fungu lake ndani ya saa ni 3,500, hivyo anawajibika kwa wenzake 8,500.

La muhimu ni kwamba bei iwe ya soko ya siku mnayogawa na wote muiridhie. Dada yenu mkubwa akiwa bado na shaka, apewe nafasi ya kuichukua yeye mwenyewe kwa bei anayoiamini. Mara nyingi nimeona tarakimu kubwa zikishuka zenyewe mtu anapoambiwa azilipe. Mkishindwa kabisa, Mahakama ya Kadhi ipo, ila ingekuwa aibu kumpelekea kadhi jambo la ukubwa wa kiganja.

Mjukuu wa Nahodha

Mwalimu, swali lako tuliliuliza Ijumaa baada ya swala, ami na shangazi wakiwepo. Ami alicheka akasema alikuwa barazani siku babu alipoivua na kumvisha baba, mwaka 1983, mwaka mmoja baada ya boriti kufungwa, na kwamba yeye alipewa dira ya jahazi na hajawahi kuona kuwa alipunjwa. Basi ni hiba.

Dada mkubwa alitafuta mauzo yaliyokamilika kama alivyoeleza Bi Langoni, akakaa na simu jioni nzima. Hakusema kitu. Asubuhi alituma ujumbe wa tarakimu moja katika kundi letu la familia: 12,000. Tumeandika hivyo, na sote tumetia saini.

Saa ameichukua mdogo wangu, na 8,500 zitapunguzwa katika fungu lake la mashua. Mama yetu alikataa kuipokea sehemu yake ya 1,500 mpaka aahidiwe kwamba haitauzwa. Tulimwelewesha kwamba ahadi ni jambo moja na haki yake ni jambo jingine, akazipokea.

Nimebaki na suala la mkanda. Wa zamani umeoza, na kwa kuwa vijiti vimechomelewa, muuzaji mmoja anasema avikate na kutoboa pembe ili uingie mkanda wa kisasa.

Fundi Kibokoni

Mkimbieni huyo. Vijiti vilivyochomelewa ni sehemu ya kasha, na akivikata ameondoa theluthi ya hiyo 12,000 mliyotoka kuitilia saini.

Tafuteni mkanda wa kipande kimoja unaopita chini ya saa, wa kitambaa au wa ngozi nyembamba. Pimeni nafasi kati ya pembe kwa rula. Kwa kasha la kadiri hii huwa milimita 16, ila pimeni. Wa ngozi utapasuka upesi kwa jasho la Lamu, kwa hiyo mimi ningechagua kitambaa. Mdogo wako akija Mombasa aje nayo pamoja na bahasha ya risiti, nami nitakwaruza alama yangu chini ya ile ya 7/74. Na kile kifundo kisicho na alama nitamrudishia katika karatasi, asikitupe.